Sura ya Saba: Stika Juu ya Vumbi

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya yadi ya polisi tangu alfajiri, mvua ile ya kinyongo, haimwagiki ikaisha wala haikomi. Magari yaliyopata ajali yalipangwa humo pua kwa mkia, mengine hayana macho, mengine hayana mdomo. Katikati yao lilikaa gari dogo jeupe ambalo mtu akilitazama kwa mbali angesema halina neno. Taa moja imepasuka, boneti imekunjamana kidogo kama uso wa mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha. Basi. Lakini humo ndani ndimo alimofia mtoto mchanga.

Inspekta aliyekuwa akilizunguka, wenzake walimwita Sindano. Kwanza kwa wembamba wake. Pili, kwa sababu swali lake husikii likiingia, unashtukia tu limetokea upande wa pili. Nyuma yake alifuata konstebo mlinzi wa yadi, jina lake la kazini Chelewa, ameshika mwavuli uliomkinga zaidi yeye kuliko mkubwa wake.

"Afande, tunatafuta nini tena? Kesi imeiva. Mkuu wa kituo kasema kesho asubuhi yule shangazi anapelekwa mahakamani."

"Kilichoiva sana ndicho kinachooza, Chelewa. Fungua mlango."

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia na nzito kuibeba. Shangazi wa mtoto, fundi cherehani, alikuwa akimpeleka mtoto wa kaka yake kliniki. Njia ilikuwa na utelezi. Gari likaserereka likagonga nguzo, tena kwa mwendo wa mtu anayebisha hodi. Ila mfuko wa hewa uliomo kwenye dashibodi haujui kubisha hodi. Ulifumuka kwa nguvu zake zote, na kiti cha mtoto kilikuwa kimefungwa pale pale mbele, mgongo wake ukiielekea dashibodi. Shangazi alitoka bila mkwaruzo.

Tangu hapo, kila alipoulizwa kwa nini alimweka mtoto mbele, alijibu neno moja: "Gari ndilo lililosema awekwe mbele."

Polisi wakatazama. Kwenye kikinga-jua cha upande wa abiria, kile kibao cha kukunja kilicho juu ya kioo, palikuwa na stika yenye herufi kubwa: USIWEKE KITI CHA MTOTO MBELE. Hapo mtaa ukagawanyika. Wengine wakasema fundi cherehani ni mwongo, wengine kichaa, na wale wasiokosa la kuongeza wakasema hakumpenda wifi yake tangu siku ya harusi. Mama wa mtoto mwenyewe hakusema lolote. Alikuwa hasemi na mtu.

Sindano aliinama akaingia, akakaa kiti cha dereva. Mfuko wa hewa ukifumuka hutema unga mweupe, na unga huo ulikuwa umetapakaa kila mahali: kwenye dashibodi, kwenye viti, kwenye redio. Akakikunjua kikinga-jua cha abiria. Nacho kilikuwa kimepakwa unga huo kama andazi. Ila stika ilikuwa safi, inang'aa.

Akaingiza ukucha pembeni, akaiinua kidogo.

"Njoo uone. Chini ya stika kuna nini?"

Chelewa akachungulia. "Vumbi, afande. Ule unga."

"Umefikaje chini?"

"Si umepita tu? Vumbi linapita popote."

"Vumbi linapita chini ya mlango. Chini ya gundi halipiti." Akainua zaidi. Katikati unga ulikoma, pakaonekana alama safi ya gundi ya zamani, ya stika nyingine, ndogo kidogo kuliko hii. "Ilikuwepo nyingine wakati wa ajali, ikapakinga hapa katikati. Hii imebandikwa baada ya ajali, unga ukiwa umeshatua. Nani ameingia humu?"

"Hakuna, afande! Mimi hapa hata nzi nampekua."

"Chelewa."

"Isipokuwa wale wa kampuni ya magari. Walikuja na ovaroli safi sana, wakasema wanakagua breki. Watu wazuri. Mmoja akanipa hata kofia."

"Kofia ipi?"

Konstebo aliivua kofia kichwani taratibu, akaitazama kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona, akaificha nyuma ya mgongo. Mvua ikamlowesha kipara.

*

Kampuni ya magari ilikuwa na jengo la vioo, na nyuma ya vioo karakana. Nje palikuwa na foleni ya magari madogo, yote ya aina ile ile. Bango mlangoni lilisema wateja wote walionunua aina hiyo wanaombwa kuyarudisha, maana stika zake za ndani zinabanduka. Zitabadilishwa bure wakati mteja anakunywa soda. Kwa hiyo foleni haikuwa ndefu. Nani ataacha kazi zake kwa sababu ya stika inayobanduka?

Sindano hakuwa na sare siku hiyo. Alisimama pembeni ya gari la mwisho, lililokuwa na kinyozi mmoja mnene anayekula njugu.

"Na yako imebanduka, kaka?"

"Yangu? Imeganda kama kupe. Mimi shida yangu si kubanduka, dada, shida yangu ni kwamba gari hili lina matusi. Hebu ingia ujisomee." Akaonyesha dashibodi. Pameandikwa: USAHAU KUFUNGA MKANDA.

Sindano akasoma mara mbili.

"Umeona? Mke wangu ananiambia nisisahau, gari linaniambia nisahau. Nyumba ina mabosi wawili hiyo! Na hujaona la kwenye tenki. Zunguka."

Akazunguka. Kwenye kifuniko cha mafuta: UVUTE SIGARA UNAPOJAZA MAFUTA.

"Na mimi sigara nimeacha!" kinyozi akacheka mpaka njugu zikamwagika. "Nikasema labda ni ya Kichina imetafsiriwa. Lakini hapana, tazama chini wameandika wenyewe."

Chini kabisa ya stika palikuwa na herufi ndogo: KAMPUNI YA MAGARI, TAWI LA KUNI.

"Nilidhani wanauza na kuni," akasema kinyozi.

Sindano aliinua macho akatazama jengo la vioo. Juu ya mlango, kwa taa za rangi, jina la tawi liliandikwa vizuri bila kasoro: TAWI LA KUSINI. Akalirudia mdomoni. Kusini, kuni. Usisahau, usahau. Usivute, uvute. Mtu akikosea kuandika hukosea mara moja hapa, mara moja pale. Huyu hakukosea. Huyu aliwinda neno moja, "usi", akalikata kichwa kila alipolikuta, akaliachia "u" peke yake. Akalikuta hadi ndani ya Kusini.

"Naomba kuona kikinga-jua cha abiria."

"Ona tu."

UWEKE KITI CHA MTOTO MBELE.

Hiyo haikuchekesha. Ilikuwa imenyooka kabisa, ina adabu zake, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni pa kukaa.

"Una mtoto mdogo, kaka?"

"Mjukuu. Tunampakia hapo hapo mbele, maana..." Kinyozi akaacha kutafuna. Alimtazama usoni huyu mwanamke mwembamba, kisha akaitazama ile stika. "Kwani vipi?"

"Kuanzia leo akae nyuma." Akamwonyesha kitambulisho. "Na hii naihitaji nzima, isipasuke."

Kinyozi akatoa wembe kwenye mkoba wake wa kazi. Aliupitisha chini ya stika polepole kuliko anavyoupitisha kwenye shingo za watu. Aliitoa nzima. Sindano akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akamwambia atie sahihi juu yake.

*

Meneja wa mauzo aliitwa na wafanyakazi wake Bwana Tabasamu, na si kwa kumsifu. Alimkaribisha Sindano ofisini kwa meno yote.

"Stika? Ah, jambo dogo. Ni kasoro ya gundi."

"Gundi inayokula silabi?" Akaweka mfuko mezani.

Meneja akasoma. Meno yakapungua, yakabaki ya mbele tu.

"Inspekta, acha nikueleze kistaarabu. Wateja walilalamika. Mtu kanunua gari jipya, anaingia, anakuta usi, usi, usi, kama yuko kwa mama mkwe. Usifanye hivi, usiguse kile. Nikatoa agizo: ondoeni 'usi' zote, tuzungumze na mteja kwa lugha ya upole."

"Maana yake wazigeuze sentensi."

"Naam! Mtu mwenye akili angeelewa hivyo."

"Wao wakaelewaje?"

"Karani wa matangazo aliiambia kompyuta. Popote penye 'usi' iweke 'u'. Ikabonyezwa mara moja."

"Hakuna aliyesoma kabla ya kuchapa?"

"Mimi nilipitisha macho." Akajikuna kidevu. "Sarufi ilikuwa sahihi."

"Stika hizi huja na picha. Mtoto kwenye kiti, kapigwa mstari mwekundu. Iko wapi?"

"Ile picha inafukuza akina mama, Inspekta. Mtu mjamzito anakuja kuchagua gari, anaona mtoto kapigwa mstari. Nikasema itolewe."

"Mlijua lini kwamba maneno yamegeuka?"

"Tulipojua, tuliwaita wateja. Bango liko mlangoni."

"Bango linasema zinabanduka."

"Hatukutaka kuleta taharuki."

"Na waliokuja yadi ya polisi kubandika stika mpya kwenye gari lililoua, nani aliwatuma?"

Meneja alinyanyuka, akaenda dirishani, akawa anaitazama foleni yake. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine.

"Huduma kwa mteja. Gari ni la mteja wetu."

"Mtoto akiwa mochwari."

"Sikiliza, Inspekta. Umepata stika kwenye gari la kinyozi. Hongera. Lakini kwenye gari la yule mama, nani anajua palikuwa na nini? Na hata kama ilikuwa hiyo hiyo, nani alimwona akiisoma? Wangapi wanasoma stika za gari? Mlete asimame mbele ya hakimu, aseme aliisoma, tuone kama wakili wetu hatamfumua kama pindo la suruali."

Sindano akachukua mfuko wake. Alikuwa amesikia vitisho vingi katika kazi hii, na vingi vilikuwa upuuzi. Hiki hakikuwa upuuzi. Bila mtu aliyeyasoma yale maneno, vumbi lote la yadi ya polisi halitamtoa fundi cherehani mahabusu.

*

Walimleta fundi cherehani kwenye chumba cha mahojiano chenye meza moja na dirisha lisilofunguka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, vidole vyake vimechomwachomwa na kazi. Kabla hajakaa alimtazama Sindano kuanzia mabegani hadi magotini.

"Bitana ya koti lako imeachia, mwanangu. Na aliyekushonea mikono alikuwa na haraka."

"Nitakuletea ukitoka, mama."

"Nikitoka! Humu hata sindano wananinyima. Wameniletea wewe."

Sindano hakucheka, ingawa konstebo mlangoni alikohoa. Alitoa stika mbili, akaziweka mezani sambamba. Moja ilitoka gari la ajali, ile safi. Nyingine ilitoka gari la kinyozi.

"Mama, uliyoiona siku ile ni ipi?"

Fundi cherehani aliziangalia zote mbili kwa makini, kama anayechagua vitambaa. Akaweka kidole, bila kusita, kwenye ile safi.

"Hii hapa."

"Inasema nini?"

"Inasema mtoto akae mbele. Si nimewaambia tangu mwanzo? Gari lilisema."

Stika aliyoigusa ilisema USIWEKE.

"Mama," Sindano akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Hujui kusoma."

"Nani kasema?"

"Leseni uliipataje?"

"Kwa kuendesha, si kwa kusoma. Alama zote za barabarani zina picha, na picha hazijawahi kunishinda. Wangeweka picha..." Aligeuza uso ukutani.

"Nani alikusomea?"

"Gari."

"Gari halina mdomo."

"Mbona redio inao?"

"Kaka yako alikuwa safarini na lori. Nyumbani asubuhi ile mlikuwa wewe, wifi yako na mtoto. Mtoto hasomi. Nani alikusomea, mama?"

Fundi cherehani alijiinua kidogo kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa makali.

"Sikiliza. Mimi sina mtoto, sina mume, cherehani yangu mtu yeyote anaweza kuikanyaga. Jela ikinimeza haitapaliwa. Yule mwingine ukimsogeza kidogo tu anaanguka. Mwanamke kazika mwanawe, wewe unataka ukamwambie nini? Niandikie kosa hapo, nitie dole gumba, nikalale."

"Hilo kosa lina mwenyewe, na si wewe. Wala si yeye."

"Basi kamkamate mwenyewe, mimi niache."

"Siwezi kumkamata bila yule aliyesoma."

Fundi cherehani akafumba macho, akawa kama amelala.

*

Mama wa mtoto alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa kijana, nywele hazijaguswa. Kazi yake ilikuwa duka la dawa, na kazi ya huko kutwa ni moja: kuwasomea watu yaliyoandikwa kwenye chupa, kijiko asubuhi, kijiko jioni, kabla ya kula, baada ya kula. Sindano alimkuta mezani peke yake, redio imezimwa, pazia limefungwa.

Hakumuuliza alichofanya asubuhi ile. Ukimwekea shahidi jibu mdomoni, wakili atalitema mahakamani. Aliitoa stika ya kinyozi, akaiweka mbele yake.

"Naomba unisomee hii, dada."

Mama wa mtoto hakuitazama.

"Mimi sisomi tena. Nimeacha na kazi."

"Kwa nini?"

"Naruka maneno." Alisema taratibu, kama mgonjwa anayemweleza daktari maumivu yalipo. "Polisi walikuja wakasema pameandikwa usiweke. Mimi nilisoma uweke. Niliruka. Miaka yote nasomea watu dawa zao sijaruka, nikaja kuruka hapo. Mtu akiruka 'si' moja kwenye chupa anaua. Nimeua."

"Nisomee."

"Nimesema sisomi!"

"Mara moja tu."

Alishusha macho kwa kujilazimisha. Midomo ikatangulia, sauti ikafuata.

"Uweke kiti cha mtoto mbele."

Akasogeza uso karibu, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akakitembeza, herufi kwa herufi, jinsi wanavyofundishwa watoto wa darasa la kwanza.

"U. We. Ke." Akainua uso. "Hii imetoka wapi?"

"Kwenye gari kama lenu. Kiwanda kimoja, stika moja. Yenu waliibandua baada ya ajali wakaweka nyingine. Uliyoonyeshwa na polisi si uliyoisoma wewe."

"Sikuruka?"

"Hukuruka."

"Nilisoma vizuri."

"Ulisoma vizuri kabisa."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, paji la uso juu ya meza, mkono mmoja umeifunika ile stika kama anaogopa itabadilika tena akiiacha. Sindano alikaa akitazama pazia. Hana kazi mpelelezi katika saa kama hiyo ila kukaa.

"Alikwambia ni mimi?" mama wa mtoto akauliza baadaye.

"Alikataa. Alisema jela haitapaliwa naye."

"Mjinga yule." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipokuwa nafunga kiti aliniuliza, 'Wifi, hapo ndipo?' Nikamsomea. Akauliza tena. Nikamsomea tena, nikamwambia, 'Wifi nawe, wenye gari wameandika wenyewe!' Nilimkaripia." Akasimama, akatafuta funguo. "Twende. Nitayasema hayo kwa yeyote anayetaka kuandika. Na kwa huyo wakili."

*

Mkuu wa kituo aliyasikia yote hadi mwisho bila kukatiza, jambo lisilo la kawaida kwake. Akaamuru fundi cherehani atolewe, Bwana Tabasamu na wale wa ovaroli safi waletwe, na tangazo litolewe redioni jioni ile ile, lenye neno lake kamili, USIWEKE, watu waache kuamini habari za gundi. Chelewa ndiye aliyetumwa redioni. Safari hii alikimbia.

Lakini fundi cherehani, mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, hakutoka. Aliketi kwenye benchi la saruji, akamtazama wifi yake aliyesimama kizingitini.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Nani alikutuma?"

"Uliniuliza mara mbili, wifi. Mara zote mbili nilikujibu."

"Nilikuuliza kwa sababu moyo ulikataa," fundi cherehani akasema. "Na mimi ningeusikiliza moyo. Lakini nani atausikiliza moyo wake, wenye kusoma wakishasoma?"

Sindano alitaka kuondoka, akaona akisogea atasikika, akabaki ukutani.

"Ondokeni," fundi cherehani akasema. "Mimi nyumba ile nikafanye nini? Niingie mlango gani?"

Mama wa mtoto aliingia ndani, akachuchumaa mbele yake.

"Nguo zake bado ziko kwenye kamba."

"Nguo gani?"

"Zake. Nilizifua asubuhi ile. Sijaweza kuzianua. Nafika mlangoni narudi."

"Mvua hii yote?"

"Mvua hii yote, wifi. Peke yangu siwezi."

Fundi cherehani akainama chini ya benchi, akaanza kutafuta viatu vyake.